Mgongo Wazi na Gauni ya Bluu

Watu wangu, leo nimeaibishwa na samaki. Tena samaki ambaye hana hata nyama.

Wacha nianzie mwanzo, na mtu asinikatize.

Wiki sita zilizopita tulienda soko la Kibuye hapa Kisumu na mathe, mama yangu, kutafuta nguo za harusi ya binamu yangu. Harusi ni kesho, huko Asembo Bay kwa wavuvi. Pale kwa lundo la mitumba nikaona kitu ya bluu inachungulia, nikavuta. Ikakataa kutoka. Kumbe upande ule mwingine mathe pia amevuta. Gauni ni moja. Mitumba haina pacha. Mwenye kuuza alituangalia, akaiangalia gauni, akatuambia kwa upole kwamba haitamwingia yeyote kati yetu.

Alikuwa anasema ukweli. Mimi na mathe tuko saizi moja, na hiyo saizi si ya hiyo gauni. Tukaelewana hivi: tuibebe nyumbani, ikae kwa kabati, siku moja kabla ya harusi kila mtu aijaribu. Zipu ikimpandia, ni yake.

Mnaweza kuona ni kitu kidogo. Si kidogo. Krismasi tulikuwa na sherehe ya familia, nikavaa kitenge ya mathe, na baba yangu mzazi akanigusa bega kutoka nyuma akaniambia, "Mama Beryl, twende nyumbani." Beryl ni mimi. Nina miaka ishirini. (Shangazi zangu walicheka mpaka mmoja akamwaga soda.) Hiyo gauni ilikuwa ya kunitoa hapo.

Basi nikaanza mazoezi. Kila asubuhi saa kumi na mbili natoka kwetu Nyalenda, nakimbia mpaka Dunga, barabara inapoishia kwa ziwa. Nilikuwa na daftari. Naandika siku, naandika nimekimbia, naandika jasho: nyingi. Mathe yeye hakukimbia hata kufukuza kuku. Alichofanya ni kuondoa sahani yake, akaweka kisosa, kile kisahani cha kikombe. Ugali yake ikawa ngumi moja. Samaki akaacha kukaanga, akawa anachemsha na nyanya. Basi. Akimaliza anaosha kisosa, anakaa.

Kusema ukweli nilimhurumia. Nikamweleza vile mwili unachoma mafuta, vile moyo lazima udunde, vitu nilikuwa nimesoma kwa simu. Nikamwambia hata hatoi jasho.

"Sitaki jasho," akasema. "Nataka zipu ipande."

Shida yangu ilikuwa Dunga. Ukifika huko mbio unasikia njaa ya mtu amelima shamba mbili. Na hapo kando ya barabara kuna Mama Aluoch, anakaanga mgongo wazi. Kama wewe si wa huku, mgongo wazi ni samaki mbuta akishatolewa minofu yote kiwandani, inabaki kichwa, mfupa na mkia. Nikafikiria vizuri, kama mtu ambaye amemaliza Form Four. Mnofu ndio chakula. Mnofu umepanda ndege umeenda ng'ambo. Hii iliyobaki ni mfupa. Mfupa una kalori gani? Nikatafuta kwa ile programu ya simu ya kuhesabu kalori, haikuijua. Nikachukua hiyo kama jibu.

Siku ya kwanza nilikula moja, kavu. Wiki ya pili zilikuwa mbili na ugali, kwa sababu mfupa unadunga koo na lazima usukumwe na kitu. (Hiyo ni usalama, si ulafi.) Kurudi nilikuwa narudi na boda, maana si vizuri kukimbia ukiwa umeshiba. Jioni kwa daftari naandika: nimekula mifupa tu.

Sasa leo.

Leo sikukimbia. Nilisema mwili upumzike kabla ya ushindi. Saa tisa mchana mathe akatoa gauni kwa kabati, akauliza nani anaanza. Nikaanza mimi. Kwani nangoja nini?

Ikaingia kichwa. Ikaingia mikono. Ikashuka mpaka kwa kiuno, hapo ikafikiria kidogo, ikapita. Nikafurahi mapema. Mathe akashika zipu huko nyuma. Ikapanda kidogo, ikasimama.

"Toa hewa."

Nikatoa.

"Toa yote, Beryl."

"Nimemaliza."

Akaweka goti kwa mgongo wangu akavuta kama mtu anafunga gunia ya makaa. Zipu ikakwama katikati. Haipandi, haishuki. Nikawa nimesimama hapo sebuleni, mikono juu, napumua na pua kidogo kidogo, na ndio nikasikia hodi.

Mlango ulikuwa wazi. Ni Mama Aluoch, beseni kwa kichwa.

Sijawahi kumwona huku kwetu. Alikuwa ameuliza mtu wa boda ninakaa wapi. Akatua beseni, akamsalimia mathe kwa heshima zote, akatoa kitu imefungwa na gazeti, na gazeti imelowa mafuta.

"Nyathina, leo hukupita," akaniambia, na nyathina kwa Kijaluo ni mtoto wangu. "Nikasema huyu mtoto wangu ni mgonjwa. Nimekuletea zile mbili zako."

Mathe akauliza, polepole, zile mbili gani.

"Za kila siku." Mama wa watu alikuwa anajivunia. "Huyu ndiye kastama wangu wa kwanza asubuhi. Mbili na ugali. Ugali ikiwa kidogo, ananikumbusha."

Nikageuka niwafiche uso. Nikasahau nyuma ndio mbaya zaidi. Gauni ilikuwa imeachama kutoka shingo mpaka katikati. Mama Aluoch akaangalia, akaangalia tena.

"Kumbe mgongo wazi ndio huyu," akasema.

Mathe aliketi kwa sakafu, leso kwa mdomo, mabega yakitetemeka. Nikajitetea kwamba nilikula mifupa, na mifupa haina kalori. Mama Aluoch akaniuliza kama hayo mafuta anayokaangia huwa naona ni maji. Akauliza na nyama ya kichwa je, na ile ya kwa mbavu ambayo nikinyonya nafunga macho? Nikamwambia hata kama, miguu yangu sasa ina nguvu.

"Ni kweli," mathe akasema kutoka chini. "Lakini zipu haiko kwa miguu."

Walijaribu sabuni, zipu ikakataa. Mwishowe Mama Aluoch akagusa ile gazeti, akapaka mafuta ya samaki kwa zipu na kidole, ikashuka mara moja. (Mafuta ile ile. Imeninyima gauni, halafu ikanitoa ndani yake.)

Mathe akavaa. Sitaki kuongea mingi hapa. Zipu ilipanda na mkono mmoja, na mkono ulikuwa wake mwenyewe. Mwanamke ambaye hajakimbia tangu shule ya msingi! Gauni inanuka samaki kidogo, lakini nani atajua, tunaenda Asembo.

Akainama kutafuta viatu chini ya kiti. Mimi nilikuwa kwa kona ya mlango nimejifunga leso, nakula zile mbili. Zingeharibika.

Hapo ndipo baba akaingia kutoka kazini. Akaona mgongo ya bluu.

"Beryl," akauambia huo mgongo, "mama yako ako wapi?"

Mathe alibaki ameinama. Aliliacha hilo swali lizunguke nyumba yote, lifike mpaka kwa kona yangu, ndio akasimama, akageuka.

Kukimbia sitaacha, msinielewe vibaya. Nitakuwa nageuka kabla ya kufika kwa Mama Aluoch. Na kisosa nimeshaichukua. Lakini harusi ni kesho, na mimi nimeambiwa nivae ile kitenge ya Krismasi. Kwa hivyo mkifika Asembo mkiambiwa msalimie Mama Beryl, msihangaike na yule wa bluu. Njooni kwangu.