Namba Nne Sikuitaka

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimeangusha kisu mara tatu. Mara tatu! Miaka kumi na mmoja nafungua chaza katika banda la Mzee Thoo, nakaa kichwani mwa meza, karibu na bomba, kiti cha kisu cha kwanza. Kisu hakijawahi kunitoka. Sasa dole gumba na jirani zake wawili, mkono wa kulia, hawana habari na mimi. Asubuhi wanawaka moto. Mchana ganzi tupu.

Wifi A-Kuan aliona. Huyo uchafu wa jikoni kwake haoni, lakini kisu changu kikidondoka anakisikia hata akiwa msalani. Akauliza mbele ya banda zima: Wifi A-Hun, vipi, chaza wanauma siku hizi? Wanawake wakacheka. Nikasema ni sabuni. Akasema sabuni ipi, mbona hapa tunanawia maji ya chumvi? Nikajifanya nakohoa.

Mbinu: kesho nakifunga kisu kiganjani kwa mpira, ndani ya glavu. Nani atajua?

Jumanne, 6 Mei

Mpira ni kiboko! Kiganja kimegeuka rangi ya zambarau, lakini kisu hakikuanguka.

Mchana Mzee Thoo akagonga ndoo, tukanyamaza. Alhamisi anakuja daktari kutoka mjini, Daktari Lian, na mashine ya ultrasaundi. Atapima vifundo vya mikono vya wote wenye kisukari pale ukumbini hekaluni. Katika banda letu wenye kisukari ni wawili, mimi na wifi. (Mimi nilikipata kwanza. Hata hapo aliniiga.) Atakayekutwa neva imeharibika, akasema mzee, anaweka kisu chini hadi apone, aende kuosha magamba. Na kiti chake atakalia anayemfuata.

Anayenifuata ni wifi. Alitabasamu hadi jino lake la dhahabu likaonekana.

Mbinu: siku mbili bila kitu kitamu, mashine inikute msafi. Nilianza saa sita mchana. Saa kumi nikala keki ya maharage mekundu. Moja. Sawa, mbili. Mume wangu A-Tek alinikuta na makombo kidevuni, akanitazama tu. Yeye maneno yake huyaacha huko baharini kwenye fito za chaza.

Alhamisi, 8 Mei

Lazima niandike.

Mlangoni mwa ukumbi karani aliandika majina kwenye orodha, akagawa stika za namba za kubandika kifuani. Daktari, akasema, ataona namba tu, majina yamefichwa, ili jicho lake lisimpendelee mtu. Akanipa yangu.

Nne!

Ukitamka nne kwetu umeshatamka kufa, sauti ni hiyohiyo. Lifti za mjini hazina ghorofa ya nne. Hospitali hazina wodi ya nne. Na huyu binti ananibandika kifo kifuani, mbele ya Mama Matsu mwenyewe, mungu wetu wa bahari, na moshi wa ubani wake! Nikamwambia anibadilishie. Akasema, shangazi, orodha imeshaandikwa, hiyo ni namba tu. Namba tu! Mama yake alimlea wapi?

Wifi alikuwa ameacha koti lake kitini, akaenda kumchomea Mama Matsu ubani. Kwenye koti, stika. Tisa! Namba ya maisha marefu. Wifi miwani havai, anaogopa kuonekana bibi. Mtu asiyeisoma tisa anaihitaji ya nini? Nikabandua, nikabandika: tisa kwangu, nne kwake. Sikumaliza hata pumzi moja.

Walipoita nne hakuinuka mtu, hadi karani akaiona stika kwenye koti la wifi, akamnyooshea kidole. Wifi akainamia kifua chake, akaisogeza stika mbali na macho, akaisogeza karibu. Akapauka. Akaenda kupimwa akimwita Mama Matsu kwa sauti.

Zamu yangu. Daktari Lian ni msichana mdogo mwenye sauti ya taratibu. Akanipaka ute baridi kwenye kifundo, akapitisha kidude chake, akanionyesha skrini. Akasema, mama, hii hapa ndiyo neva, inapita kwenye kichochoro chembamba kuelekea vidoleni. Akapima unene wake. Kumi na saba. Akapanda katikati ya mkono, akapima tena. Saba. Akaniambia mwenye kisukari neva yake inaweza kunenepa yote kwa sababu ya sukari, ndiyo maana anapima pawili. Yangu juu nyembamba, chini imevimba: inabanwa. Hiyo ni afadhali, akasema, kichochoro kinafunguliwa kwa upasuaji mdogo, robo saa. Lakini mapema. Ukichelewa, vidole havirudi. Na kisu usishike tena, mama. Ukijikata hutajua.

Nikauliza karatasi ya majibu inakwenda wapi. Kwa Mzee Thoo, akasema, majina yakisharudishwa kwenye namba.

Kisha nikainama nikatazama kifua changu. Tisa.

Jumamosi, 10 Mei

Mzee Thoo amesoma karatasi mbele ya wote. A-Hun: neva nane, salama, aendelee na kazi. A-Kuan: kumi na saba, aweke kisu chini, aripoti mjini Ijumaa.

Jino la dhahabu lilipotea. Wifi akalia, akasema mbona mkono hauniumi? Wanawake wakamwambia usiouma ndio mbaya zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumshika bega. Nikamwambia, afya kwanza, wifi yangu. Kuna kitu kilinichoma chini ya mbavu, nadhani ni gesi.

Daftari hili halina mdomo, basi niandike. Kumi na saba ni ya kwangu, najua. Nitakwenda kupasuliwa. Kimyakimya, msimu ukiisha, kliniki nyingine, wiki sita tu kutoka sasa. Neva iliyosubiri mwaka mzima itashindwa wiki sita?

Jumanne, 13 Mei

Wifi kafungwa kifundo kwa bandeji ngumu, anaosha magamba kwa mkono wa kushoto, na kila mtu anampelekea supu. Supu ya samaki! Supu ya tangawizi! Ile huruma yote ni ya mkono wangu, anainywa yeye.

Mimi leo sikufikisha hata nusu ya kawaida yangu. Mbinu: magamba chini ya beseni, nyama ya chaza juu, beseni linaonekana limejaa. Mzee Thoo akatia mkono hadi chini. Nikasema hayo magamba ni ya kulinda ladha.

Nyumbani A-Tek akasema: unatoka damu.

Kweli. Kidole cha shahada kimepasuka upande hadi ndani, gamba la chaza hilo. Labda tangu asubuhi. Glavu ilikuwa imejaa damu na maji ya chumvi, nami nimetembea nayo siku nzima nikiwasalimia watu. Nimeosha, nimefunga kwa ule mpira wa kisu. A-Tek akasema twende kwa daktari. Nikamwonyesha karatasi niliyoibandika ukutani: neva nane, salama. Akaisoma taratibu, kisha akasoma uso wangu.

Ijumaa, 16 Mei

Fataki hekaluni! Wifi amerudi kutoka mjini amepona!

Daktari Lian alimpima upya kabla ya kumpanga kwa upasuaji. Nane. Akapima mara tatu. Nane, nane, nane. Wifi akalia, akarudi na kelele mpaka banda likatikisika: Mama Matsu kaniponya! Kila asubuhi nimempigia magoti, nimemwambia, Mama, hii kumi na saba iondoe! Mzee Thoo kanunua machungwa ya sadaka. Watu wanamgusa kifundo wapate baraka.

Jumatatu anarudi mezani, upande wangu wa kulia palepale.

Kidole kimekuwa cheusi-chekundu, hakiingii kwenye glavu. Mbinu: glavu ya A-Tek.

Jumapili, 18 Mei

Homa. Mkono umevimba hadi kwenye kiwiko, malengelenge ya maji meusi. Hauumi, kwa hiyo si kitu. Nilimwambia A-Tek tusubiri kesho, nikikosa siku moja mezani wifi anakalia kiti changu. Akasema: inuka. Sikuinuka. Akanibeba.

Jumatano, 21 Mei

Naandika kwa kushoto. Mwandiko wa kuku.

Vimekwenda viwili. Cha shahada na cha kati. Wamesema wadudu wa maji ya bahari waliingia kwenye kidonda, wakakuta sukari, wakafanya karamu. Ningechelewa nusu siku ungekwenda mkono, kisha mimi mwenyewe. Najaribu kuvikunja vile viwili. Navisikia! Sasa hivi ambapo havipo ndiyo navisikia.

Daktari Lian alikuja na faili langu. Akakaa kwenye kiti, akaitazama ile nane. Akaniuliza, mama, mtu mwenye neva ya nane anafanyaje kazi siku nzima na kidole kimepasuka asijue? Akasema labda alikosea yeye. Wifi kumi na saba ikawa nane, mimi nane ikawa hivi, basi jicho lake au mashine yake haifai, na vijiji vyote alivyopima itabidi arudie. Ana umri wa binti yangu.

Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikaomba juisi ya papai. Akasema hapana, mama, ina sukari.

Jumamosi, 24 Mei

Wifi amekuja na uji wa samaki. Akaninywesha kijiko kwa kijiko, akanifuta kidevu. Halafu akaweka bakuli chini, akaanguka kwenye magoti yangu akilia mpaka wagonjwa wakageuka.

Akasema, wifi, nimekuua mimi. Nilimwomba Mama Matsu auondoe ugonjwa kwenye mkono wangu. Sikumwambia auweke wapi! Mama wa watu na shughuli zake zote, akautupia wa jirani. Mimi na mdomo wangu! Ningesema tu, utupe baharini, Mama, ungekuwa na vidole vyako. Nisamehe, wifi, nisamehe.

Nikatafuna. Uji hautafunwi, lakini nilitafuna. Nilifikiri kwa muda wa vijiko viwili hivi.

Nikamsamehe.

Nikamwambia pia kwamba ingekuwa uungwana asikalie kile kiti cha karibu na bomba. Akaapa mbele ya mbingu kwamba hatakikalia yeye wala mtu mwingine, hata nikirudi na kidole kimoja. Akanichana nywele, polepole, bila kuvuta. Hapo nililia. Hilo naliandika kama lilivyo, nililia sana.

A-Tek alikuwa dirishani. Wifi alipoondoka akatoa kitu mfukoni, akakiweka kwenye sinia langu, akasema alikuwa anafua ile blauzi yangu ya hekaluni. Stika. Tisa. Akangoja. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na minne huyu mwanamume alikuwa anangoja niseme kitu.

Nikaibandika chini ya bakuli la uji. Akatoka bila kuaga.

Jumatatu, 26 Mei

Mkono wa kushoto umeanza. Dole gumba na jirani zake wawili. Moto asubuhi, ganzi sasa.

Daktari Lian anakuja baada ya chakula cha mchana na mashine yake. Anajijaribu upya, amesema, anataka kujua kama jicho lake bado lafaa. Wagonjwa wanne wa wodi hii, kwa namba tu, za kubahatisha, majina yamefichwa. Akaniinamia akanishika ule mkono uliobaki mzima, akasema, huu hatutauchelewesha, mama. Tukikuta unabanwa, kesho hiyohiyo tunaufungua. Nikamwambia asante, mwanangu. Nilikuwa namaanisha, naapa, daftari.

Kisha muuguzi akapita na stika.

Kumi na nne.

Kumi na nne! Mbaya kuliko nne yenyewe! Itamke haraka kwetu usikie inavyosema: kufa ni hakika. Nikamwita muuguzi, ameshatokomea.

Bibi wa kitanda cha pili amelala, mdomo wazi, mikono juu ya shuka. Mikono mizuri, haina hata kovu. Kifuani kwake wamembandika kumi na nane, namba ya kufanikiwa. Kwa bibi aliyelala!

Stika za hospitali zina gundi kali, na mkono huu wa kushoto hausikii pembe ya karatasi inaanzia wapi. Nimetumia meno.