Diski ya Laptopu Niliyoipeleka Ukweni

Leo nimeaibika, jamani. Tena ukweni!

Laptopu yangu ilikufa mwezi uliopita, ikafa na video ya kwaya yetu ilipokwenda kuimba Ulyankulu. Mama yake Neema, mchumba wangu, ndiye mwenyekiti wa kwaya. Posa yangu iko kwake, hajaijibu. Nikaapa: video hii nitaifufua hata kwa meno.

Nikafungua laptopu, nikachomoa diski, nikanunua kikasha chenye waya wa USB, nikaifunga humo. Nikaichomeka kwenye kompyuta ya kuazima, ikasoma! (Nilicheza peke yangu chumbani, nakiri.)

Neema akanishauri kwa simu: "Si uihamishie tu kwenye flashi?"

"Wapi! Nataka mama aone binti yake anaolewa na fundi."

Mchana nikatinga kwao, Kitete. Shikamoo kwa adabu zote. Nikaandaliwa ugali na uyoga wa karanga. Tonge la kwanza tu, nikaweka mkono kifuani: "Mama, uyoga huu umenikumbusha marehemu bibi yangu." Nikafuta na jicho.

Mama akalainika kabisa. "Pole, mwanangu. Ongeza."

Baada ya kula nikachomeka diski kwenye tivii. Wote wametulia, baba mkwe kavaa miwani. Tivii, bila kuulizwa, ikacheza video ya kwanza iliyoiona.

Mimi. Na sahani ya maharage. Nilikuwa nimejirekodi nikifanya mazoezi ya ukweni!

"Mama, mboga hii imenikumbusha marehemu bibi yangu." Nafuta jicho. "Hapana, huzuni iongezeke." Narudia. Nafuta jicho la pili.

Natafuta rimoti, siioni. (Nilikuwa nimeikalia.)

Mara kwenye video ikasikika sauti nyuma yangu: "Marehemu nani, we Kulwa? Si mimi hapa niliyekupikia hayo maharage?" Bibi yangu huyo akatokea, mzima wa afya, na mwiko mkononi.

Nikavuta waya kwa nguvu, tivii nusura inifuate.

Baba mkwe alicheka mpaka akavua miwani. Mama hakucheka. "Posa tutaijibu," akasema. "Ila jibu aje kulichukua marehemu mwenyewe."

Basi niko hapa nje kwa bibi, natafuta pa kuanzia. Neema nitamuoa, hilo halina mjadala. Na nyie mnaocheka, mjue pilau ya harusi nitapakua mimi.