Jina Langu Mwisho wa Sinema

Jumamosi, 12 Oktoba

Wageni wa sinema wameingia mjini kwetu Warzazati, hapa Moroko. Magari kumi na manne, nimeyahesabu mwenyewe kutoka mlangoni pa duka. Shemeji yangu Hamu, anayewaendesha na kuwatafsiria, ananiambia safari hii hawakuja na kundi la mafundi wao. Amekuja mbunifu mkuu wa mavazi peke yake, Bi Solveig, mama wa Kidenmaki mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Anatafuta mbunifu mmoja wa hapa hapa. Na jina la huyo mmoja litaandikwa mwisho wa sinema!

Nani tena kama si mimi, Basu? Fundi cherehani miaka ishirini na mbili. Halafu nimecheza sinema kumi na moja, na zote nimekufa. Nimekufa kwa mshale, kwa kiu, na mara mbili chini ya farasi. Mavazi ya sinema nayajua kwa ndani. Na kila sinema nimeikalia mpaka mwisho, majina yakipanda, natafuta langu. Hata aliyewachemshia chai kaandikwa. Hata mwenye ngamia. Mimi, hakuna. Inauma, sitasema haiumi.

Alasiri nimekwenda mkahawani kuwaambia watu kwamba kazi nimeshapata. Kupunguza maneno tu.

Jumapili, 13 Oktoba

Kumbe nina mshindani! Lalla Tuda, mjane wa mtaa wa nyuma. Namwita Lalla kwa adabu niliyofunzwa na mama yangu, si kwa kupenda.

Kazi ya huyu mama ni kuharibu nguo. Wallahi simsingizii. Ananunua kitambaa kipya, anakisugua kwa jiwe, anakichovya kwenye chai, anakitandaza zizini mbuzi wakikanyage. Eti nguo izeeke! Na watu wa sinema wanamshukuru! Mimi miaka yote hii nazuia nguo za watu zisizeeke, nani kanishukuru?

Hamu ameleta habari za mtihani. Alhamisi Bi Solveig atapita majumbani kwetu, kwangu kwanza, kisha kwa Tuda. Kila mmoja amwonyeshe mavazi ya wanakijiji ishirini waliokosa mvua miaka saba.

Jioni Lalla Tuda kapita dukani. Kakitazama kibao changu kipya, BASU, MBUNIFU WA SINEMA ZA DUNIA, rangi bado mbichi. Kisha kaniuliza, "Marehemu, hujambo?"

Marehemu! Mbele ya mteja!

Jumatatu, 14 Oktoba

Nina akili mimi. Kwa nini nizeeshe nguo mpya wakati mji umejaa nguo kuukuu? Nimezunguka mtaa mzima asubuhi. Nimewaambia majirani: sinema inataka nguo zenu, leteni zile za zamani kabisa, zilizochanika, zilizochujuka.

Wameleta. Mtume! Wameleta kaftani za harusi! Majoho ya Idi, meupe pee, yamekunjwa kwenye karatasi. Mzee wa tanuri la mikate kaleta suti. Nikamwambia, mzee wangu, nimesema kuukuu. Akaniuliza kama nina wazimu. Yeye aonekane duniani kote na matambara? Binti yake aliyeko Lioni, Ufaransa, amwone baba yake hivyo? Nikamwambia anayeonekana si yeye, ni nguo. Akasema nguo ni yake, kila mtu mtaani anaijua, na kama nataka kumdhalilisha nimwambie waziwazi.

Nimemaliza siku nikiwa na rundo la nguo za sherehe kufika darini na maadui kumi na wawili. Watu hawa hawana shukrani. Tambara hata moja sina.

Jumanne, 15 Oktoba

Adhuhuri, watu wamelala, jua kali. Nimepita nyuma ya nyumba ya Lalla Tuda kwa bahati tu. Juu ya ukuta wake zimeanikwa kanzu ishirini. Ishirini kamili! Zimechakaa, zimetoboka, zina rangi ya vumbi, zinanuka mbuzi. Nimesimama nikazitazama. Nilitaka kulia kwa jinsi zilivyo mbaya.

Sikuiba. Mwizi huchukua cha mtu. Mimi nimechukua uchafu. Mbuzi wake mmoja tu ndiye aliyeniona.

Nimezificha kwenye kasha kubwa, chini ya mablanketi ya wageni. Mke wangu Ijja hajui kitu. Nimemwambia tu keshokutwa mgeni mkubwa anakuja, nyumba ing'ae.

Jumatano, 16 Oktoba

Kutwa nzima nimekuwa hamamuni na kwa kinyozi. Mbunifu lazima apendeze. Mkahawani wameniuliza jina langu litaandikwa kwa herufi gani. Nimesema kubwa.

Lalla Tuda anazunguka mtaani anauliza watu kama wameona nguo zake. Nimempa pole ya dhati. Kaniangalia sana.

Ijja nimemkuta kachoka, mikono imejikunja kwa maji, ana furaha ya ajabu. Sikuuliza. Ndivyo wanawake walivyo mgeni akija.

Alhamisi, 17 Oktoba

Siku ya kulaaniwa!

Bi Solveig kaja na Hamu. Chai imemiminwa, lozi zimeletwa. Nikasimama, nikatoa hotuba fupi kuhusu kiu, ukame na mateso ya mwanadamu. Hamu akatafsiri. Nikafungua kasha.

Kanzu ishirini. Nyeupe! Zimefuliwa, zimepigwa pasi, kila tundu limetiwa kiraka, zinanukia maji ya maua ya mchungwa.

Ijja kajitetea kwamba alikwenda kutoa mablanketi ya wageni akakutana na aibu ile. Kadhani ni za maskini fulani, nimezipokea kwa huruma. Kakesha akishona viraka. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia! Kaniuliza kwa nini sikumwambia mimi. Swali la ukorofi kabisa.

Na hapo hapo Lalla Tuda akaingia, hata hodi hakupiga. Kashika kanzu ya juu, kapindua pindo. Ndani, uzi mwekundu. Zote ishirini zina uzi mwekundu! Nani anatia alama kwenye matambara? Roho mbaya hiyo.

Nikasema ni upepo. Jumanne kulikuwa na upepo.

Akasema, "Ahaa. Upepo umezikunja, ukafungua kasha, ukaziweka chini ya mablanketi. Upepo una adabu kweli, marehemu."

Hamu akatafsiri yote! Ndugu wa mke wangu, aliyekula kwangu miaka tisa!

Lakini Bi Solveig alikuwa hasikilizi. Ameketi chini kabisa, kabadili miwani, anapapasa viraka. Akauliza nani kashona. Ijja akajitokeza, huku anaona haya na huku amekasirika. Akamwambia Hamu amuulize mgeni: hao watu wa kwenye sinema, hawana wake? Hawana mama? Miaka saba bila mvua, sawa, lakini na sindano nayo imekauka?

Bi Solveig akacheka mpaka miwani ya kichwani ikaanguka. Kisha akaacha kucheka, akaandika kitu kwenye daftari. Hilo la kuandika sikulipenda.

Ijumaa, 18 Oktoba

Jibu limetoka. Lalla Tuda atazeesha nguo. Ijja atazitia viraka. Wabunifu wa hapa ni wawili, na majina yote mawili yataandikwa mwisho wa sinema. Ijja! Hata sinema hapendi! Zote kumi na moja alilala kabla sijafa!

Leo wamekaa barazani kwangu, Lalla Tuda na mke wangu, wanakula kuskusi yangu kwenye sinia moja, wanabishana kuhusu viraka na kucheka. Nikipita wananyamaza. Nikishapita wanacheka zaidi.

Kibao nimekishusha. Niliumia kukishusha, naandika hapa maana hakuna wa kumwambia. Nikakiegemeza ukutani, Ijja akakipangusa vumbi, akaniambia taratibu kwamba kwake mimi ni fundi mzuri. Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Jumapili, 20 Oktoba

Hamu kaleta habari. Wanahitaji maiti mmoja Jumanne, na Bi Solveig mwenyewe kanitaja. Nimekataa kwa hasira. Kisha nikauliza maiti anaanguka vipi. Hamu akasema vyovyote, mradi afe upesi.

Vyovyote!

Kanzu ya maiti ninayo tayari, nimekabidhiwa. Alasiri hii nimefunga duka, nikashona mgongoni, kwa uzi wa hariri ya njano, herufi pana kama sahani: BASU. Jina langu si mwisho wa sinema, ni katikati! Watu wakiwa macho! Jumanne nitakufa kifudifudi, na kamera inipite pole pole. Ijja na Tuda waandikwe mwisho huko, watu wakitafuta viatu vyao.

Safari hii sifanyi kosa. Kanzu nimeificha mahali ambapo hakuna mtu atakayegusa, ndani ya kasha, chini kabisa, chini ya mablanketi ya wageni. Ijja anaimba huko uani. Anasema kesho asubuhi Bi Solveig na Lalla Tuda wanakuja kushinda kwetu.