Nyuzi Sitini za Gitau

Jumatatu, 5 Julai 2021
Granville, ughaibuni. Wiki ya pili tumefungiwa ndani kwa korona. Tasnifu yangu ya tiba ya viungo inauliza: wacheza dansi za jadi za Kihindi wenye uti wa mgongo laini mno, ndio wanaoumia zaidi? Swali zuri. Wacheza dansi sina! Gitau, Mkenya ninayeishi naye, anayetafiti jambo hilohilo, anao kumi na wanane. Mmoja anajikunja kwa nyuma nyuzi sitini. Kalitangaza hilo huku akila ugali wangu.

Jumanne, 6 Julai
Nimempata Kalyani, mcheza dansi! Miaka kumi na tisa. Mama yake, Bi Vasantha, ndiye mwalimu wake. Jumapili atacheza peke yake kwa mara ya kwanza, sebuleni, mbele ya kamera, bibi yake amwone kutoka Chennai. Bibi ana miaka themanini na minne na mapafu mabovu. Kalyani kajiandaa miaka kumi na mmoja.

Jumatano, 7 Julai
Nimempima kwa video. Sebule yao baridi. Kaomba dakika ishirini apashe mwili moto. Nikamwambia hakuna haja, ni kipimo tu. Nyuzi hamsini na tano. Nikamwomba aongeze. Hamsini na tisa. Aongeze tena. Akaongeza. Kisha akasema, kwa adabu, anadhani ameumia. Sitini na moja! Niliandika kwanza, ndipo nikamuuliza panauma wapi. Najuta. Mimi, ninayesomea kuponya migongo!

Alhamisi, 8 Julai
Daktari kampa wiki sita za kupumzika. Onyesho hakuna. Kalyani kaniandikia kwamba hanilaumu. Bora angenitukana. Hata Gitau hakunicheka. Kaniletea chai, kaniita buda, kama rafiki, kasema wacheza dansi wake wote walipasha mwili kwanza. Sharti hilo liko kwenye fomu ya maadili ya utafiti, ukurasa wa kwanza. Nilitia saini bila kusoma.

Jumapili, 11 Julai
Bi Vasantha kapiga simu ya video, saa ileile ya onyesho. Kanipa vidonge vyangu. Kasema bibi alikwisha kuvaa sari yake. Nimejiona mdogo kama piritoni. Nimelia. Nimeapa sitamharakisha mtu tena maishani. Akalainika, akasema atanionyesha mgongo unavyoandaliwa. Kapasha mwili dakika ishirini nzima, kisha akajikunja taratibu. Ana miaka hamsini na sita! Kwa macho tu, nyuzi sitini na tatu! Nimemwomba asisogee nitafute kipimapembe, halafu ashuke kidogo zaidi.
Simu imekatika. Mtandao huu! Nitampigia kesho asubuhi.