Barakoa ya Mwanyumba

Jumatatu, 3 Juni

Mama mkwe kaanguka kitandani. Homa kali, kikohozi, mwili mzima unamuuma. Nesi wa zahanati kasema ni influenza: apumzike, anywe maji kwa wingi, madirisha yawe wazi, nasi tunawe mikono na tuvae barakoa. Nimesikitika sana. Sana! Kisha nikakumbuka chumba cha mbele cha nyumba yake hii tunamoishi.

Chumba hicho kina mlango wa barabarani. Mimi naona ndani yake duka langu la kutengeneza redio. Mwanyumba wangu, fundi cherehani aliyemuoa mdogo wa mke wangu, anaona duka lake la nguo. Mama mkwe alishasema atampa funguo yule atakayemwona ana moyo. Basi, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamwambia mke wangu aende kazini bila wasiwasi, mama nitamuuguza mimi. Akanishika paji la uso kuona kama na mimi nina homa.

Jumanne, 4 Juni

Mwanyumba hajatokea. Ana nguo za harusi za kushona, maskini! Kamtuma mkewe na barakoa alizoshona mwenyewe, za maua mekundu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikavaa moja, nikaingia kazini.

Mgonjwa haulizwi uji, kwa hiyo sikuuliza. Bakuli la tatu lilirudi lote, juu ya shati langu. Nikadeki, nikapanga mito, nikamkanda paji kwa kitambaa cha maji. Mama akafungua macho, akaitazama barakoa, akasema kwa sauti ya kukwaruza kwamba anashukuru, Mungu aibariki cherehani yangu.

Cherehani yangu!

Jumatano, 5 Juni

Nimejitambulisha mara mbili. Kila mara kaitikia vizuri, kisha akaniuliza nguo za harusi zimefikia wapi. Homa inamchanganya na barakoa inaisaidia homa. Jasho langu, sifa za mwenzangu. Sikubali.

Nimeivua. Nimenyoa ndevu, nimekaa karibu kabisa, sura yote nje. Dirisha nimelifunga, maana magari yalikuwa yanameza jina langu. Mama akanikoholea usoni, sikurudi nyuma hata kidogo. Moyo ndio huo! Jioni mke wangu kauliza barakoa iko wapi. Nikasema nimeifua.

Ijumaa, 7 Juni

Homa ya mama imeshuka! Kaketi, kala mwenyewe, kalalamikia chumvi. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi kuhusu moyo wangu. Nikasimama mbele yake, nikafungua kinywa, nikapiga chafya mfululizo hadi nikashika ukuta. Mke wangu kanipeleka kulala. Hotuba sijaitoa.

Jumapili, 9 Juni

Naumwa hadi kope. Na nani ananiuguza? Mwanyumba! Kamaliza nguo za harusi, kaja na chupa ya supu na barakoa yake ya maua. Kafungua dirisha. Ananiita ndugu yangu kwa upole wa kuudhi. Supu nimekunywa. Sina ugomvi na supu.

Baadaye nikawasikia ukumbini. Mama anampa funguo, eti yeye ndiye aliyemkanda paji. Mwanyumba akakana, si yeye. Mama akasema, na mnyenyekevu pia! Hapo mke wangu, Mungu amweke, akamweleza kuwa wa barakoa nilikuwa mimi. Nikainua kichwa kitandani. Mama akauliza, basi yule mwingine, asiye na adabu, aliyefunga dirisha akawa anampumulia usoni, alikuwa nani?

Mke wangu hajui kusema uongo. Funguo zimekwenda kwa fundi. Nimelia, na si kwa mafua.

Jumatano, 12 Juni

Nimepona. Mwanyumba anapaka rangi chumba cha mbele. Rangi mbaya. Nilikuwa nimesimama mlangoni namwonyesha sehemu alizoziruka, mara akapiga chafya. Nyingine. Nyingine tena! Akashuka ngazi ameshika kichwa.

Nimemlaza hapohapo kwenye mkeka, nimebandika uji. Chumba ni kikubwa, meza ya redio inaenea vizuri karibu na mlango, na mtu aliyeuguzwa hasahau. Kanionyesha kwa kidole barakoa iliyo juu ya ndoo ya rangi. Nimeisukuma pembeni kwa mguu na kufunga mlango.

Safari hii sifanyi kosa. Lazima anione sura.