Mtihani Wangu Ulikuwa Umefungwa

Nimeaibika leo mbele ya Form Three nzima, na bado nasema sikukosea. Sikilizeni kwanza.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya wasichana huku Lanet. Muhula uliopita mtihani ulivuja, basi muhula huu nikaapa. Karatasi yangu nikaiweka kwenye kompyuta ya maabara, ndani ya folda niliyoifunga kwa msimbo. Bila ufunguo wangu, hata uibe mashine yote, huoni kitu. Kwenye mkutano wa walimu niliwaeleza wenzangu jambo hilo kwa dakika hamsini. (Wawili walilala. Nawajua.)

Mtihani huo wa Form Three ulikuwa uanze saa nane mchana. Saa tano asubuhi Mama Shiro, sekretari wetu, akanipigia simu. Kompyuta yake ndiyo iliyo na printa, na imeunganishwa na ile ya maabara kwa waya.

"Mwalimu, folda naiona, lakini imekataa kufunguka."

"Umeweka password niliyokupa?"

"Mara tatu. Inasema sina ruhusa. Na mimi niko hapa miaka kumi na tisa."

Siwadanganyi, nilifurahi. Kufuli langu linafanya kazi. Shida ni kwamba ufunguo wenyewe, yaani password yangu mimi, unafanya kazi kwenye kompyuta ya maabara pekee. Ile password ya Mama Shiro inamfikisha mlangoni tu. (Hili sikulitaja kwenye zile dakika hamsini.)

"Ngoja hapo," nikamwambia. "Naenda kuifungua kule kule, halafu utaprint."

Maabarani nikawakuta Form Three wameketi, wananingoja kwa kipindi cha marudio.

"Nyamazeni kabisa," nikawaambia. "Nafanya kazi ya siri."

Wakanyamaza. Nikaketi nikiwatazama, ukuta uko nyuma yangu. Nikaandika password, folda ikafunguka. Nikafungua na karatasi yenyewe, nihakikishe haijaharibika. Nikaisoma polepole, swali baada ya swali. Nikarekebisha koma mbili. Darasa lote limeinamia madaftari, linaandika. Nikajisemea, hawa watoto wamekomaa.

Ndipo Chepkoech, msichana wa dawati la mbele, akainua mkono. Ni mtoto mwenye adabu sana.

"Mwalimu, tafadhali rudisha juu kidogo. Hatujamaliza namba tano."

Nikageuka. Projekta ilikuwa inawaka. (Niliiwasha mwenyewe asubuhi, kwa ajili ya kipindi.) Mtihani wangu ulikuwa umejaa ukuta mzima, koma mpya zikionekana vizuri.

Mlangoni walikuwa wamesimama Mama Shiro, aliyechoka kungoja, na mwalimu mkuu, mzee ambaye sijawahi kumwona akicheka.

"Madam," mwalimu mkuu akasema, "hiyo ndiyo ile siri?"

"Ndiyo, sir. Lakini msimbo haujavunjwa."

Mama Shiro alitoka nje mbio. Nilimsikia akicheka mpaka kule kwa tangi la maji.

Wakati wa lunch nimetunga karatasi nyingine, kwa biro, nikiwa na njaa, na mtihani umeanza saa nane kamili. Ni mgumu kuliko ule wa kwanza. Kwenye staffroom wameanza kuniita Madam Ukuta, na mimi siitikii.

Kwa hivyo anayetaka kucheka acheke, lakini aandike vizuri: ile folda haikudukuliwa na mtu. Ilifunguliwa na mwenyewe, kwa password sahihi, mbele ya mashahidi arobaini na wawili.