Kona ya Tatu Inyooshwe, na Daktari Paulino Afundishwe Kiswahili

Akuac Maker,
Munuki, Juba.

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Magari ya Spoti,
Barabara ya Yei, Juba.

Bwana Mwenyekiti Elkana,

KUH: KUSIMAMISHWA KWANGU MAFUNZO YA WANAOANZA, NA UBOVU WA KONA YA TATU

Nakusalimu kwa heshima zote ambazo klabu yako haikunipa. Natumaini u mzima, na kwamba lile gari lako la kijani siku hizi linawaka bila kusukumwa. Mimi si mzima. Nimepata karatasi yako ya Jumanne inayosema nimesimamishwa mafunzo kwa kuwa "hasikii anachoambiwa." Mimi, mwalimu wa Kiswahili, ambaye kazi yangu mchana kutwa ni kusikiliza watoto wa watu wakitafuta ngeli ya neno "gari," leo naambiwa sisikii.

Ungekuwa utani, ningeucheka na kuendelea kusahihisha madaftari. Bahati mbaya karatasi hiyo iliangukia mikononi mwa kaka yangu Ngor. Logbuku ya gari langu ina jina lake, kwa sababu siku ya kuliandikisha mimi nilikuwa nimelazwa na malaria na yeye ndiye aliyekwenda. Gari nililinunua mimi, kwa jasho langu, kutoka kwa Mkenya aliyekuwa akirudi kwao: jekundu, milango miwili, na liko chini kiasi kwamba ukipita mbele ya duka wanaona nywele tu. Ngor hakulipenda tangu siku ya kwanza. Anasema gari lisiloweza kubeba mbuzi ni kiatu. Sasa ametangaza mbele ya mama kwamba, ikiwa hata watu wanaozunguka mduara bila kwenda popote wamenikataa, basi Jumapili baada ya kanisa atalibadilisha na Chol wa Hai Mauna kwa pikapu ya kubebea matofali. Chol ameshakuja kulitazama. Alilipiga gurudumu teke, na mimi nikiwa pale pale.

Kwa hiyo naandika nikiwa na hasira, na pia nikiwa na haraka. Malalamiko yangu nimeyatia namba ili hata Daktari Paulino aweze kuyafuata.

1. Daktari Paulino mwenyewe. Mwalimu mliyenipa ni daktari wa meno. Sina ubaya na meno. Lakini mtu huyu huja uwanjani na glavu nyeupe za ngozi, anazivaa kidole kimoja kimoja huku akitazama boneti yangu kama iliyooza pembeni. Kisha anafungua kinywa na kutoa kile Kiswahili alichokiokota Arua: "Mimi iko mwalimu yako. Wewe iko sikia mimi tu." Bwana Mwenyekiti, nilitafuta neno moja salama ndani ya sentensi hiyo nikalikosa. Jumamosi ya mafunzo nilimsahihisha hapo hapo, mbele ya wanafunzi wenzangu, kwa upole: "Mimi ni mwalimu wako." Akanijibu kwamba Jumamosi hiyo mwalimu ni yeye. Tangu hapo kila alichoniambia nilimjibu "sawa sawa," kwa adabu kavu, na kila nikisema hivyo alitabasamu. Sijui dharau ya namna hiyo inafundishwa katika chuo kipi cha meno.

Naelewa anayo lugha nyingine, hicho Kiarabu cha Juba cha kila mtu. Hicho sikijui wala sikitafuti. Nimelelewa Kitale, na tangu nirudi nyumbani Kiswahili changu kimenitosha. Sokoni Konyo Konyo naielekezea bamia kidole, napewa bamia.

2. Kukaguliwa kama mwizi. Nilikuja kuendesha. Badala yake tulisimama juani asubuhi nzima tukipimiwa upepo wa magurudumu na kuulizwa mafuta ya breki yalibadilishwa lini, kana kwamba mtu mwenye akili zake huandika mambo kama hayo ukutani. Kisha Daktari akafungua buti yangu. Alitoa mkaa, viatu vya kwaya, kreti ya soda na sufuria ya shangazi, akavipanga chini wote wavione, akasema kitu chochote kilicholegea ndani ya gari kitaruka. Alitoa hata mazulia. Cyril, yule kijana wa benki mwenye gari jeupe linalofanana na friji, alichukua soda moja bila kuomba. Nilikubali yote hayo, isipokuwa chupa yangu ya uji, ambayo niliirudisha chini ya kiti Daktari alipogeuka. Binadamu hula.

3. Polepole. Hapa ndipo nilipoanza kushuku kwamba klabu yako ina watu wasiojua ilianzishwa kwa ajili gani. Somo lote la mwendo kasi, Bwana Mwenyekiti, lilihusu kwenda taratibu. Funga breki mapema, gari likiwa bado limenyooka. Usifunge katikati ya kona. Usukani uushike kwa ulaini. Tazama unakokwenda, usitazame pua ya gari. Alichora kona kwa chaki kwenye lami, akachora mstari unaoanzia ukingo mmoja, unaogusa katikati ya kona upande wa ndani, halafu unarudi ukingoni, na akatutembeza juu yake kwa miguu, watu wazima, kama shule ya chekechea ikienda chooni. Nilitembea. Nikasema sawa sawa.

Zaidi ya hayo, usukani wa gari langu uko kulia, kama magari yote ya heshima yanayotoka Kenya. Daktari alizoea usukani wa kushoto. Alikaa kushoto, penye abiria, na mzunguko mzima alikuwa akikanyaga breki ambayo haipo. Nilimwonea huruma, nikamwambia zulia amelitoa mwenyewe.

4. Bendera ya bluu. Nasema "bendera" kwa heshima. Ilikuwa sweta la shule lililofungwa kwenye fimbo, na aliyelipunga ni Jethro, karani wako. Eti maana yake ni kwamba nyuma yako kuna mwenye kasi zaidi, mpishe. Aliyekuwa nyuma yangu ni Cyril. Cyril ni wa juzi, hajawahi hata kununua vitunguu kwa pesa zake, na tumboni mwake mlikuwa na soda yangu. Sikumpisha. Wakati wengine mnapunga masweta, mimi nina umri na nina kumbukumbu.

5. Kona ya tatu. Hili ndilo jambo lenyewe, na ninaomba ulisome ukiwa umeketi.

Kabla ya kona ya tatu kuna ule mstari mrefu ulionyooka, ambao mkandarasi aliuwekea lami kujaribia malori yake kabla ya kuondoka. Nilifungua dirisha. Nakwambia ukweli: kwa mara ya kwanza tangu nirudi Juba, hapakuwa na mtu wa kuniuliza nitaolewa lini, wala kwa nini naongea kama mgeni. Ilikuwa injini na mimi. Nilifurahi hadi nikaona haya.

Basi kona ikakaribia, na Daktari Paulino, ambaye asubuhi yote hakunisifu hata kwa kufunga mkanda, akaanza kunisifu kwa sauti: "Barabara! Barabara!" Wewe ni Mkenya, huhitaji kamusi. Mtu akikwambia barabara, amesema unachofanya ni sahihi, ni timamu, endelea hivyo hivyo. Nikaendelea hivyo hivyo. Nilikuwa nimeubana ukingo wa ndani, nikaubana zaidi. Nikaongeza mafuta. Akanisifu kwa nguvu zaidi, "Barabara! Barabara!" huku akinipungia mikono. Niliguswa sana. Nikaongeza tena.

Halafu, katikati ya kona, mtu huyu akabadilisha mazungumzo, akaanza habari za jua. "Jua! Jua! Jua!" Kweli jua lilikuwa usoni. Nikaona ni wema kumjali mwalimu, nikatoa mkono mmoja kwenye usukani na kushusha kile kipande cha juu cha kukinga jua, cha kwangu kwanza, kisha nikanyoosha mkono kumshushia na chake.

Uliyoyaona baada ya hapo uliyaona. Tulitoka kwenye lami upande wa pili, tukapita nyasi, tukatua katika shimo la udongo la watengeneza matofali, mpaka milangoni. Hakuna aliyeumia. Chupa ya uji iliruka, nakiri, na ikamwagikia glavu. Sasa niambie, Bwana Mwenyekiti: mwalimu anayemsifu mwanafunzi mpaka shimoni, kisha anaandika kwamba mwanafunzi hasikii, tumwite nani? Mimi nilisikia kila neno. Kosa langu ni kwamba nilimwamini.

6. Unafiki. Tukiwa ndani ya udongo, injini imezima, Daktari Paulino aliweka mkono wake juu ya wangu pale kwenye gia, glavu ikichuruzika uji, akaniambia taratibu, "Sawa sawa." Hayo ni maneno yake. Alikiri mbele yangu kwamba mambo yote yako sawa, hakuna kosa. Jumamosi ni sawa sawa, Jumanne nimekuwa hatari kwa klabu. Watengeneza matofali waliolivuta gari langu kwa kamba ni mashahidi, na walikuwa na adabu kuliko wanachama wenu wote kwa pamoja, ambao walikuja kupiga picha.

Kwa sababu hizo naomba, kwa unyenyekevu, yafuatayo:

Kwanza, karatasi ya Jumanne ifutwe, na nyingine iandikwe kwa Ngor kabla ya Jumapili, ikisema kwamba dada yake ni dereva na gari lake ni gari.

Pili, Daktari Paulino aondolewe ualimu na apelekwe darasani kwangu, akae na watoto wa la nne, ajifunze kwamba sifa ni kitu cha hatari na haitolewi ovyo. Glavu zake alizisahau kwenye gari langu. Zimekauka uji na kuwa ngumu kama mbao, na nitazishikilia mpaka atakapoweza kuziomba kwa ngeli iliyo sahihi.

Tatu, nafasi yake nipewe mimi. Ualimu ninao tayari. Kuendesha nitajifunza nikiwa kazini, kama wengine wengi hapa mjini.

Nne, kona ya tatu inyooshwe. Nimeitafakari sana na sioni inamsaidia nani. Magari yote yaliyokwenda moja kwa moja hayakupata shida. Ni hapo mlipowalazimisha watu kupinda ndipo matatizo yalipoanza. Ikiwa haiwezekani kuinyoosha, basi ipewe jina langu, na shimo lipewe jina la Daktari.

Nisalimie mama watoto, na Jethro na sweta lake, na wote walionipiga picha nikitoka kupitia dirishani. Msalimie hata Cyril, umwambie soda naikumbuka. Zaidi ya yote wasalimie wale vijana wa matofali.

Ni mimi, ninayesikia vizuri sana,

Mwl. Akuac Maker

Tanbihi: Kabla ya kuifunga barua hii nilimpa mwalimu mwenzangu Quinter aisome, atie sahihi kama shahidi wa tabia yangu. Quinter ni Mkenya wa Siaya na ana mwaka mmoja tu hapa. Alipofika namba tano akaniuliza, polepole, kama Daktari alisema "barabara" au alisema "bara, bara." Nikamwambia sioni tofauti. Akaketi sakafuni na kucheka mpaka mlinzi akaja kutazama.

Kumbe katika Kiarabu cha Juba bara ni nje, na juwa ni ndani. Yule mtu alikuwa akinililia niingie kona kutoka upande wa nje, kisha nikate ndani, yaani ule ule mstari wa chaki alionitembeza asubuhi yote. Mimi nikamwongezea mafuta na kumshushia kivuli. Quinter anasema mtu akiogopa hurudia lugha ya kwao. Akaongeza kwamba hapa ni kwao Daktari, na ni kwetu pia mimi. Hilo limenichoma.

Nikamuuliza basi "sawa sawa," nikitumaini angalau hiyo ni yangu. Akasema kwa watu wa hapa sawa ni pamoja; ndiyo maana alitabasamu kila nilipomjibu, na kule shimoni alikuwa akiniambia tuko pamoja.

Ningeichana barua yote, lakini Quinter ameishika na anasema lazima uisome hivyo hivyo, iwe adhabu yangu. Basi isome. Lakini maombi ya pili, ya tatu na ya nne yafute. Kona ibaki ilivyopinda. Kwa Ngor andika mstari mmoja tu, tafadhali, kabla ya Jumapili: kwamba Akuac anaanza upya tangu mwanzo, na kwamba sasa anasikia. Jumamosi, kama atakubali, nipe mwalimu yule yule. Glavu zake nimezifua kwa mkono. Zimeanikwa dirishani, na doa la uji limetoka.